Mtoto Asiyetumwa

Mwalimu wa Neema, binti yangu wa miaka kumi, aliniandikia kwamba hasalimii wakubwa na kila agizo analijibu kwa "kwa nini?" Mimi ninayewaandikia wazazi wenzangu makala za malezi nikaona heri tuende kwetu Iguguno, kwa dada yangu Mariamu, kabla barua ile haijasomwa na wengi.

Jumatatu alfajiri tuliondoka Dar es Salaam. Njia nzima hadi Dodoma nilimweleza Neema maana ya heshima. Tulipofika Manyoni alikuwa amelala fofofo.

Jumanne asubuhi, Iguguno, Neema alimpita Mama Samweli, jirani wa dada, bila salamu.

"Wewe mtoto, kwani tumelala nyumba moja?"

Nikaingilia kwa sauti ya semina. "Mama, naomba mwanangu nimwelekeze mwenyewe."

"Haya, baba. Kumbe ana mwenyewe."

Jumatano tulikwenda shambani kupiga alizeti kwa fimbo. Watoto walitumwa na yeyote: lete ungo, shika gunia, wahi maji. Neema aliletewa kiti. Kila mtoto mwingine alipoitwa, naye aliinuka, kisha akaketi tena. Mchana akaninong'oneza, "Baba, mbona mimi situmwi? Hawanitaki?"

Mariamu alinicheka. "Umemzungushia uzio, kaka. Nani amguse?"

Nikamfuata Mama Samweli penye rundo la alizeti.

"Shikamoo, mama. Jana nilikosea. Naomba Neema umtume, na akikosea umgombeze."

"Marahaba. Chuo chote kile ulichosoma, umekuja kuniomba nigombeze mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniacha jana, ningekuwa nimeshamaliza." Akageuka. "Neema! Kiti kimekuganda? Lete ungo!"

Neema alikimbia hadi kiatu kimoja kikamvuka. Akarudi, akamwaga mbegu, akafokewa mbele ya watu. Dar angejifungia chumbani siku nzima. Hapa alipiga goti, akasema, "Samahani, bibi," akaanza kuzizoa huku akitabasamu.

Jumapili, kituoni, Mama Samweli alimwita kondakta. "Huyu mtoto ni wetu. Akileta ujeuri, mseme."

"Na huyu baba?"

"Huyo msomi. Mwache alale."

Sikulala. Nilikaa nimevimba kwa fahari ya kuzaliwa na watu wale. Miaka yote Dar nilidhani asiyefokewa ndiye anayependwa. Kwetu asiyefokewa ni mgeni, na mwanangu aliondoka Iguguno akiwa si mgeni tena.