Wimbo Uliotoka Mchangani

Katunge hakuzaliwa mahali pa shida ya maji. Alizaliwa Mbooni, kwenye vilima vya ukungu na parachichi, ambako mtu huteleza kwenye matope akienda kanisani. Ndoa ndiyo iliyomteremsha hadi Kamwalye, huku chini karibu na mto Athi, kijiji ambacho kijito chake huwa mchanga mtupu miezi tisa kwa mwaka. Wiki yake ya kwanza alimuuliza mumewe Munyao maji yako wapi. Munyao akamwonyesha mchanga na kumpa jembe.

Basi akaingia kwenye mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo shambani kwako, kesho mtoni kwetu sote. Alichimba miaka saba. Mwimbishaji wao alipohamia kwa mwanawe Kibwezi, majembe yalianza kwenda kila moja kwa mwendo wake, watu wakachoka kabla ya saa tatu. Asubuhi moja Katunge alifungua mdomo ili tu kazi isonge. Tangu siku hiyo hadi mwaka juzi, miaka ishirini na minne, hakuna aliyeimbisha Kamwalye isipokuwa yeye.

Mwimbishaji wa mwethya ana ruhusa ambayo hata mhubiri hana. Akisimama mchangani wenzake wakiinua majembe, anaweza kumtaja mtu yeyote kwa jina na kosa lake. Katunge alimwimba fundi aliyemvunja mkewe mkono. Alimwimba mwenye duka aliyeongeza maji kwenye mafuta ya taa. Alimwimba mzee wa kanisa aliyeezeka nyumba yake kwa mabati ya kanisa, na mabati yakarudi bila mtu kutumwa. Aliyetajwa, kama yupo, huchukua jembe na kuchimba kuliko wote, halafu hucheka, kwa sababu akinuna ataimbwa tena wiki ijayo. Sharti ni moja tu. Maneno hayo ni ya waliochimba. Hayapelekwi kwa chifu, hayapelekwi polisi, hayaendi kokote. Na mgeni akipita hupewa jembe. Akishachimba, hata mara tatu, naye amefungwa na sharti hilo.

Uhuru wa kusema umeandikwa vizuri sana kwenye katiba ya Kenya. Kamwalye hakuna aliyekuwa ameufuata huko. Walikuwa nao tayari, siku mbili kwa wiki, tangu saa moja asubuhi hadi jua linapochoma.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, shirika moja lilikubali kuwapa simiti wajenge ukuta wa kukatisha kijito. Ukuta wa namna hiyo hukamata mchanga wakati wa mvua, na mchanga hukaa na maji ndani yake mwaka mzima. Ukuta wao wa kwanza ulibebwa na mafuriko ukiwa nusu, kwa hiyo kila mtu alijua lazima huu umalizike kabla ya mvua ya Oktoba. Shirika lilimtuma Sandra, msichana wa Nyeri mwenye gambuti mpya na kishikwambi chenye kava jekundu.

Kazi ya kuandika mahudhurio ilikuwa ya Nzisa, katibu. Alikuwa na daftari aliloandika kwa mwandiko wa kanisani, herufi zote zimelala upande mmoja. Sandra alilifunua kwa heshima na kulirudisha.

"Hii siwezi kutuma, mama. Ofisi inataka kila kitu kwa tableti. Jina, kidole, picha, video ya kazi."

"Video ya nini?" Nzisa akauliza. "Hawaamini tunachimba?"

"Wanaamini. Wanataka kuona."

"Waje waone. Majembe yako mengi."

Wanawake wakacheka. Sandra naye akacheka, na Katunge akampenda kwa hilo. Akamletea jembe lake mwenyewe.

"Chimba, mwanangu."

"Shosho, mimi na jembe hatujuani," Sandra alisema, akimwita nyanya kama wanavyosema kwao.

"Mtajuana leo. Mara tatu tu."

Sandra aliegemeza kishikwambi juu ya mawe, kamera ikiwarekodi, akachimba mara tatu. Mara ya tatu jembe lilikwama, wakampigia vigelegele. Kwa Katunge jambo likaisha hapo. Msichana alikuwa amechimba. Hakufikiria kabisa kile kilichokuwa juu ya mawe.

Akaanza kuimba, kwa Kikamba. Wimbo wa wiki hiyo ulikuwa wa Musyimi, naibu wa chifu. Malori yalikuwa yakichota mchanga kutoka sehemu ya chini ya kijito, na yote yalikuwa yakipita kwenye lango la boma la Musyimi.

*Mchanga wetu umeota miguu, unaamka kabla yetu,*
*unabisha kwa Musyimi, unafunguliwa lango.*
*Musyimi, tuambie ukweli tukiwa bado na nguvu:*
*tunajenga ukuta wa maji, au tunakujengea ghala?*

Wakaitikia sauti moja, majembe yakashuka pamoja. Sandra, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa akicheza kando huku kishikwambi kikiwarekodi. Walipopumzika, aliwaonyesha. Wanawake walisongamana juu ya kioo, kila mmoja akijitafuta. Katunge hakuwahi kujiona akiimba. Alimwona mwanamke mkubwa, mdomo wazi, shingo imekaza, asiyeogopa mtu. "Kumbe ndiye mimi," akasema.

Sandra aliituma video hiyo ofisini kama alivyotakiwa. Ofisi ikapenda rangi za leso na ile furaha, ikaiweka kwenye mtandao na kuandika chini yake kwamba wanawake wa Kamwalye wanausherehekea mradi. Ilikaa siku nne bila mtu kuigusa. Siku ya tano ikamfikia mtu anayejua Kikamba, akaweka maandishi ya Kiswahili chini ya kila mstari. Kijana wa Nzisa, aliyeko Mombasa, alimtumia mamake ikiwa imeshatazamwa na watu elfu sitini. Aliuliza tu, "Mama, si huyu ni Katunge?"

Jumatatu iliyofuata Katunge aliitwa kwenye kambi ya chifu. Musyimi alikuwa nyuma ya meza, na kwenye benchi palikuwa na askari aliyejifanya anasoma gazeti.

"Keti, Mwaitu," Musyimi alisema. Alimwita mama yetu, kama kila mtu alivyomwita.

"Nimekaa sana. Sema."

"Iko sheria ya mitandao. Kuchapisha habari za kumharibia mtu jina ni makosa. Wanaweza kukuchukua hata leo."

"Mimi? Mimi simu yangu ni ya tochi, Musyimi. Nimechapisha na nini, na tochi?"

Askari akajificha nyuma ya gazeti. Musyimi hakucheka. Aliinuka akafunga mlango, na aliporudi hakukaa.

"Ulipoimba kwamba tumbo langu ni la punda mwenye mimba, nilifanya nini?"

"Ulikuja ukachimba."

"Nilinuna?"

"Hukununa. Ulicheza hata."

"Sasa huyu binti yangu yuko chuoni Machakos, anaonyeshwa hiyo kitu darasani. Mkubwa wangu kule mjini Wote anaicheza mkutanoni. Nasikia wanacheka hadi Dubai. Wewe ndiwe unajua desturi kuliko sisi wote. Niambie, hao watu wamechimba wapi?"

Katunge alikuja akiwa amejiandaa kwa vitisho, vitisho alivijua. Hakuwa amejiandaa kuambiwa jambo la haki na mtu asiye na haki.

"Lakini mchanga unapita kwako," akasema mwishowe. "Ni uongo?"

"Hilo liulize mahakamani."

Kisha akaeleza anachotaka. Shirika halingetoa simiti iliyobaki bila barua yake ya kuthibitisha kwamba kikundi kina amani na serikali. Angeiandika siku ambayo Katunge angejitokeza kwenye tableti ileile, kwa Kiswahili ili wote waelewe, aseme kwamba yale maneno yalikuwa uongo na anaomba radhi. Ilikuwa tarehe kumi na saba Septemba. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

Hakuwaambia wenzake, lakini Musyimi aliwaambia. Jumatano walikuja nyumbani kwake kumi na mmoja, Nzisa mbele. Walikaa uani bila kuvua vitambaa vya kichwa, kama watu waliokuja kutoa pole. Walizungumza kwanza juu ya mbuzi, halafu juu ya mawingu upande wa Kilungu.

"Mwaitu, ni maneno tu," Nzisa alisema hatimaye. "Utasema, yataisha. Simiti haiozi, lakini mvua haingoji."

"Wewe uliitikia huo wimbo, Nzisa."

"Niliitikia."

"Ulikuwa uongo?"

Nzisa alianza kung'oa nyasi moja baada ya nyingine. "Kila siku natoka saa kumi alfajiri kufuata maji," akasema. "Wewe sema tu."

Wengine wakatazama chini. Katunge aliwaangalia mmoja mmoja, watu aliowabebea mambo yao miaka yote, mume wa huyu, jirani wa yule, na akaona kwamba hakuna aliyekuja kumuuliza anataka nini. Wala hakuwalaumu. Mwenyewe alikuwa na mitungi miwili mitupu jikoni.

Walirekodi Alhamisi, mtoni, mbele ya ukuta. Musyimi alileta karatasi iliyoandikwa na karani wake. Sandra alishika kishikwambi kwa mikono miwili, macho mekundu.

"Shosho, nisamehe. Mimi sikujua ulikuwa unasema nini."

"Ulichimba, mwanangu," Katunge alimjibu. "Nilidhani inatosha."

Akasoma. Alisoma kwamba maneno aliyoimba hayakuwa na ukweli wowote na kwamba alichochewa na furaha. Alipomaliza, Sandra alisikiliza rekodi, akatikisa kichwa.

"Haijasikika. Ongeza sauti kidogo."

Akasoma tena. Upepo ukaingia. Akasoma mara ya tatu, na bado sauti ilikuwa chini, sauti ileile ambayo wachunga mbuzi walizoea kuisikia ng'ambo ya kijito. Musyimi alisogea akasimama karibu naye. Mara ya nne ikasikika.

Barua ikaandikwa, simiti ikaja kwa lori. Hiyo video ya pili haikutazamwa na elfu sitini. Iliwatosha wale waliohitaji kuiona.

Wiki iliyofuata, jioni ya kuamkia siku ya kazi, Kasyoka alimjia. Alikuwa mjane kijana wa upande wa juu. Shemeji yake alikuwa akisogeza mpaka wa shamba lake hatua chache kila msimu, na sasa alikuwa ametia alama hadi nyuma ya jiko. Wazee walikuwa wamemwambia atulie. Mahakama ilikuwa mbali na ilitaka wakili.

"Mwimbe tu," Kasyoka alimwomba. "Mara moja. Atakuwepo kesho, anabeba mawe. Ukimtaja mbele ya watu ataaibika, ataacha. Hata wewe unajua ataacha."

Katunge alijua. Usiku huo ubeti ulijitunga wenyewe kichwani, mzuri, wenye jina la shemeji na jiko na mahindi.

Asubuhi Sandra hakuja. Kishikwambi hakikuwepo. Shemeji alikuwepo, shati begani, akicheka na wenzake. Lakini Katunge aliposimama mahali pake, macho yake yalikwenda kwenye mifuko ya aproni. Mmoja alikuwa na simu. Mwingine alikuwa nayo. Nzisa alikuwa na yake mkononi, akitazama saa tu, pengine. Akatazama nyuso zilizokuwa zikimsubiri na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani kati yao angemrekodi.

Akaanza wimbo wa Jumapili, ule wa kumshukuru Bwana kwa mvua. Waliitikia wachache. Majembe yakaanza kwenda kila moja kwa mwendo wake.

Kasyoka alivumilia beti tatu. Kisha akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Ndio umemaliza?"

"Nimemaliza."

Kasyoka akaweka jembe begani na kupanda ukingo. Hakurudi kwenye mwethya tena.

Ukuta ulikamilika tarehe kumi Oktoba, na ni ukuta mzuri. Mvua ilipokuja, ulishika. Kufikia Disemba mahindi ya shemeji yalikuwa yamefika magotini nyuma ya jiko la Kasyoka, na kila asubuhi watu wa Kamwalye walipita hapo na mitungi yao wakienda mtoni, wakiyaona, wakisalimiana.