Nilichomficha Mama Paskali

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu Neema. Ni siku niliyopiga mguu chini mara mbili katika ua wa watu kule Endamarariek, na mbwa wangu akainuka. Nitafika huko. Kwanza nianze na uliloniuliza.

Ulinipigia simu Jumapili ukasema umepangiwa kazi ya uuguzi Nainokanoka kwa miezi mitatu, na hujui umfanyeje mbwa wako Bobi, maana umri wake umekwenda na hata kizingiti cha mlango anakivuka kwa shida. "Mama mkubwa, niende naye au nimwache kwa jirani hapa Karatu?" Nikakuambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba niliogopa kujibu. Swali hilo niliwahi kulipata mimi mwenyewe, na nikalijibu vibaya. Ndiyo maana nimechukua daftari. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo utanivumilia pale nitakaporudia maneno.

Nilikuwa na umri kama wako, nikichuma kahawa katika shamba moja juu ya Karatu. Tulikaa kambini, kwenye nyumba za mstari, watu wa Singida, wa Dodoma na wa Mbulu ukuta kwa ukuta. Mbwa wangu aliitwa Meneja. Jina hilo sikumpa mimi. Walimpa wenzangu, kwa sababu sisi tukienda kuchuma yeye alibaki amelala barazani, na jioni tukirudi alituzungukia mmoja mmoja kama anayekagua vikapu. Meneja mwenyewe wa shamba, yule mtu, akipita kambini tulimwita mbwa kwa mluzi tu.

Nilimkuta pale akiwa tayari mkubwa, na baada ya miaka minne akawa mzee kabisa. Masikio yakaziba. Sikugundua mara moja. Nilidhani amekuwa mkaidi, hata siku moja nikamchapa kwa kutokuja nilipomwita. Hilo nalo naliandika, maana kama naeleza, nieleze yote. Baadaye nikaona kwamba nikipiga mguu chini kwa nguvu, mara mbili, anainua kichwa. Alikuwa anaisikia ardhi. Tangu hapo nikawa namwita hivyo. Chakula kikiwa tayari, mguu mara mbili, na Meneja huyo anakuja.

Ikaja habari kutoka Singida kwamba mama yetu, yaani bibi yako, anaumwa na ananitaka. Dereva mmoja wa lori la vitunguu vya Mang'ola alikuwa anakwenda huko, akanipa nafasi. Nikamuuliza, nusu kwa utani, kama mbwa naye anaweza kupanda.

"Mlete," akasema. "Atakaa juu ya magunia na wewe. Ila akitapika utafuta mwenyewe. Mimi nasafirisha vitunguu, sisafirishi mchuzi."

Kwa hiyo njia ilikuwepo. Siwezi kusema sikuwa na namna. Nilikataa kwa aibu. Miaka minne nimekaa ugenini, sina mume, sijapeleka nyumbani hata bati moja, halafu nishuke kwenye lori na mbwa mzee? Niliwasikia watu wa kijijini kabla hawajafungua mdomo: kumbe huko Karatu alikwenda kuvuna mbwa.

Sisemi kwamba angeimaliza ile safari. Siku mbili za jua na kutikiswa, kwa mbwa wa umri ule, huenda ningemzika Babati. Hilo silijui mpaka leo na sitaki kujifanya najua. Pengine kumwacha kulikuwa sawa. Nilikosea jinsi nilivyomwacha.

Nilianza kwa jirani yangu pale kambini, mwanamke wa Kondoa mwenye maneno yake. Nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mbwa hasikii? Basi huyo si mbwa, ni mgeni. Mwizi akija atamkaribisha chai."

Na wengine waliokuwa pale wakacheka. Nami nikatoka na fundisho baya: kwamba ukisema ukweli wa mbwa mzee, hakuna atakayempokea.

Jumamosi yake akaja Mama Paskali. Huyu alikuwa Mwiraqw, mke wa mkulima wa Endamarariek, na kila Jumamosi alikuja kambini kutuuzia maharage. Nilipomwomba anikalie na mbwa, hakusita. Alimtazama tu Meneja kidogo.

"Ana shida yoyote?"

"Hana," nikasema. "Anakula chochote. Mtulivu tu."

"Mimi ninao watatu, watamzoea. Nenda kamwone mama, dada, usiwe na wasiwasi."

Akamfunga kamba, wakapanda pikapu iliyomleta. Meneja aliniangalia mpaka kona. Au labda alikuwa anaangalia barabara tu. Sijui.

Nilikaa Singida wiki saba. Bibi yako akapata nafuu. Niliporudi sikupitia hata kambini, nilikwenda moja kwa moja Endamarariek. Nilimkuta Meneja amelala nyuma ya ghala la mahindi, mbavu zote nje, na macho yana utando.

Mama Paskali alitoka jikoni anafuta mikono. Alionekana kuniogopa.

"Dada, usidhani tumemnyima. Chakula natoa kila jioni. Nasimama hapa mlangoni naita, hawa wangu wanakuja mbio. Yeye simwoni. Namwita jina, nampigia mluzi, hata kichwa hageuzi. Baba Paskali akasema huyu ana maringo ya kambini, amezoea kubembelezwa, mwache, njaa itamleta. Akawa anakuja baadaye kulamba sufuria iliyokwisha lambwa."

"Na kwa jina lenyewe lile," mumewe akasema kutoka kwenye kigoda chake, "tulidhani anasubiri kupelekewa mezani."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kupunguza uzito wa jambo.

Hapo ndipo nilipopiga mguu. Sikufikiri, mwanangu, ni mazoea. Mara mbili, kama siku zote. Meneja akainua kichwa, akaniona, akanyanyuka mbele kwanza, halafu nyuma kwa tabu, akaja.

Mama Paskali akautazama mguu wangu, kisha akamtazama mbwa.

"Kumbe hasikii," akasema polepole. "Dada, ulikuwa unajua?"

Sentensi inayofuata nimeiandika na kuifuta mara tatu leo asubuhi. "Hapana," nikamjibu. "Atakuwa ameziba masikio huku huku."

Mama Paskali aliingia kwenye banda la kuku akatoka na tetea mwekundu, amemfunga miguu. "Mchukue. Ni pole yetu, kwa ajili ya mnyama." Nami nikampokea. Niliondoka pale na mbwa niliyemponza mwenyewe, na mkononi nina kuku wa kufutwa machozi.

Meneja aliishi miezi miwili tena. Nilimpa uji wa maziwa akarudi mwili kidogo, kisha akafa mchana mmoja pale barazani, sisi tukiwa shambani. Tulimzika pembeni mwa migomba. Yule jirani wa Kondoa aliyemcheka ndiye aliyechimba zaidi yangu, na ni haki yake niliseme.

Tetea alitaga vizuri. Kila yai lilinikaa kooni. Ulipofika msimu wa kuvuna mbaazi nikashindwa, nikaenda Endamarariek. Nilimkuta Mama Paskali uani anapepeta. Nikasema nikiwa bado nimesimama, kabla hajanikaribisha:

"Nilijua. Alikuwa hasikii kabla sijamleta kwako. Niliogopa utamkataa."

Aliendelea kupepeta mpaka mbaazi za kwenye ungo zikaisha. Akaziweka chini.

"Nilijua kwamba unajua. Asiyejua angemwita jina. Wewe ulipiga mguu."

"Sasa kuku ulinipa wa nini?"

"Mbwa alishinda na njaa kwangu wiki saba, na mimi sikuzunguka ghala hata mara moja nikamtazama. Hilo lilikuwa letu, ndilo nililolitolea kuku. Lako nilikuachia mwenyewe." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Ungeniambia tu, dada. Miguu hata sisi tunayo."

Nilikaa, tukapepeta wote mpaka jioni. Aliendelea kuja kambini kila Jumamosi, na hakulitaja tena. Ningeona nafuu kama angelitaja.

Basi, Neema. Kama Bobi aende au abaki, mimi siwezi kukuamulia, nami sijui kama nastahili hata kushauri. Lakini haya nayajua. Usiamue kwa kuogopa watasema nini, iwe ni watu wa Nainokanoka watakaokuona unashuka na mbwa mzee, au wa Karatu watakaosema umemtupa. Ukitaka kwenda naye, uliza kwanza kwenye lango la hifadhi kama anaruhusiwa, maana kijiji kile kimo ndani yake na sheria zao mimi sizijui. Chanjo yake iwe tayari. Kumbuka huko juu ni baridi, kuna fisi, na kuna mbwa wa wafugaji wasiomjua. Mifupa yake ndiyo itakayolala kwenye baridi hiyo, si mapenzi yako kwake.

Ukiona ni bora abaki, kaa na jirani yako umweleze mbwa jinsi alivyo. Anapokojoa ndani, mwambie. Mguu unaomuuma akiguswa, mwonyeshe. Mwombe ampe chakula siku mbili tatu wewe ukiwepo, uone kama wanaelewana. Akicheka, mwache acheke. Akikataa baada ya kusikia yote, mshukuru, amekuepusha na mengi. Na ukijikuta kuna jambo moja unataka kulinyamazia ili akubali, ujue ndilo la kusema kwanza. Mimi langu lilikuwa maneno mawili, "hasikii, gonga." Mbwa angekula kila siku.

Mungu akutangulie kwenye barabara ya mlimani, mwanangu. Mikono yako iwe na nafuu kwa wagonjwa wa huko. Urudi ukiwa mzima, na Bobi akutambue. Na popote atakapolala, ndani kwako au kwa watu, awepo mtu anayejua namna ya kumwamsha.