Jina la Pikipiki ya Babu

Kiangazi kile nyumba yetu ya Kemambo ilinuka mafuta ya taa, kwa sababu baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiisafisha pikipiki kuukuu ya babu. Babu aliachiwa pikipiki hiyo na mzungu mmoja mchimba dhahabu, na babu akafa bila kuiwasha hata mara moja. Kwenye injini neno moja tu lilisomeka: Melbourne. Baba alilitafuta kwenye ramani ya dunia, akalikuta Australia, na tangu hapo hakutulia. Alitaka kujua ni nani huko aliyeiunda, maana hakuna fundi wa Nyamongo wala Sirari aliyewahi kuona mfano wake.

Jumamosi moja alinipa kitambaa nisugue tangi, yeye akihangaika na magurudumu. Nilikuwa na miaka saba. Chini ya kutu yakajitokeza maandishi ya rangi ya dhahabu, yamepindapinda. Kwa furaha nikasugua kwa nguvu zaidi ili yang'ae, yakabanduka yote.

"Bhoke, umeona nini hapo?" baba akauliza, akiinamia bati tupu.

"Jina, baba."

"Jina gani, mama? Nitajie herufi."

Sikuwa nimeisoma hata moja. Lakini alikuwa ameshashika kalamu, na mimi niliogopa. Nikataja zilizonijia mdomoni: T, A, R, L, O.

Baba aliwaandikia watengenezaji wa pikipiki za Tarlo, Melbourne. Barua ya kwanza aliipeleka posta ya Tarime mwenyewe, akiwa amevaa shati la kanisani. Hakujibiwa. Akaandika tena, mwaka hadi mwaka, na kila alipoandika nilikusudia kumwambia ukweli, nikashindwa. Nilipokuwa kidato cha nne aliugua mapafu. Kitandani akaniambia, "Labda barua zinapotea njiani."

"Labda, baba," nikamjibu. Hakumaliza wiki.

Mwaka huu nilimwandikia kwa simu mzee mmoja wa Australia anayekusanya pikipiki za zamani. Alinijibu kabla chai yangu haijapoa. Alisema hapakuwahi kuwa na Tarlo; karakana ndogo zilikuwa nyingi, nyingine ziliunda pikipiki chache tu zikafungwa, na bila jina au picha hakuna pa kuanzia. Picha hatukupiga. Pikipiki yenyewe mama aliwapa wanunuzi wa vyuma chakavu baada ya msiba. Baba alisubiri miaka yote ile, hakupata hata mstari mmoja. Mimi nimepata mtu wa kuniandikia siku yoyote, na sina la kumwambia.