Duka la bunduki lililonikaribisha kupita kiasi

Leo asubuhi nimekwenda kuulizia bunduki kwa siri. Siri haikufika adhuhuri.

Tangu wezi wavunje mlango wangu hapa mtaani Tudor, silali. (Kibali sina bado, najua, msinianze.)

Nilidhani mwenye duka atanifukuza. Wapi! Kiti, kahawa, "karibu mwanangu." Kisha lile swali letu la Mombasa: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nami kwa adabu nikamtajia mama.

"Aa! Mama yako namjua sana!"

Nikaaga kahawa haijaisha, naye keshashika simu.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta mama keshatoka kwake, yuko mlangoni, amekalia godoro lake lililokunjwa.

"Bunduki ya nini, nami nipo?"

Jamani, nifanyeje? Wezi angalau walikuja wakaondoka.