Neno Ilifanywa Nyama

Mimi ni mkalimani wa mahubiri. Jumapili nasimama kushoto kwa mhubiri, kipaza sauti mkononi. Yeye anasema Kifaransa, mimi nasema Kiswahili chetu cha Kolwezi. Akiruka naruka, akipiga magoti napiga magoti, akilia natafuta machozi. Kazi hii inanifaa kwa sababu sijui kutulia. Siku nyingine nina kibanda cha fotokopi karibu na barabara ya Musonoi, na mama husema kiti cha kibanda kile hakijawahi kupata joto.

Nyumba yetu ina makanisa matatu. Baba ni Mmethodisti, alibatizwa Musumba kabla ya kuja huku kutafuta kazi ya mgodi. Mama ni Mkatoliki wa Sandoa. Walipooana kila mmoja alisubiri mwenzake ahame, na mpaka leo wanasubiriana. Mimi nilipokua niliwachosha wote wawili, nikaingia kanisa la uamsho, la ngoma na spika. Tulikuwa tukila bukari, ugali wetu, sahani moja na kubishana juu ya ubatizo, juu ya Maria, juu ya mvinyo, na hakuna aliyelala na hasira.

Kisha baba akapooza. Alikuwa anafunga kamba za kiatu asubuhi, akabaki ameinama. Upande wa kulia wote ulikwenda, mguu wa kushoto ukadhoofika, mdomo ukapinda. Mtu aliyetoboa mawe chini ya ardhi miaka mingi, sasa akawa wa kulishwa na kuoshwa. Mama ndiye aliyemwosha. Mimi nilileta ndoo ya maji ya moto mpaka mlangoni, nikaiweka chini, nikageuka. Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa baba yake. Hakuna anayekufundisha jambo hilo kwa maneno, unakua nalo tu. Na niseme ukweli: nilishukuru kuwa na desturi ya kujificha nyuma yake. Mwili ule uliniogopesha. Nilikuwa nikisikia maji yanamwagika upande wa pili wa pazia, natoka nje haraka kama mtu anayewahi jambo.

Sasa nieleze habari ya neno, kwa sababu shida yote ilitoka kwenye neno.

Mara ya kwanza niliposimama kutafsiri nilikuwa kijana, na mhubiri alikuwa mgeni kutoka Lubumbashi, mwenye Kifaransa cha mbio. Alifungua Yohana akasoma kwamba Neno alifanywa mwili. Kifaransa chake kilitumia neno la ule mwili wenye damu na mishipa, nami kichwani nikaliona jambo lenyewe, nikalitamka kama lilivyokuja: "Neno ilifanywa nyama." Mama mmoja wa safu ya mbele, anayeuza nyama ya ng'ombe sokoni, alianza kucheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Kanisa lote likamfuata. Mwaka mzima watu walinisalimia kwa kuniuliza kilo ni ngapi leo.

Tangu siku ile nilijificha kwenye msemo wa wengine: Yesu alivaa mwili. Wahubiri wote wanausema. Ni msemo safi, haukwami mdomoni, na hauchekeshi mtu. Nimeutumia miaka mingi, sikumbuki mara ngapi.

Mwanzoni mwa Desemba iliyopita mhubiri wetu aliupamba. Alisema Mungu alivaa mwili kama mkubwa wa kampuni anavyovaa salopeti, ile nguo ya kazi ya mgodini, na kofia ya chuma, akashuka shimoni kuwatembelea wafanyakazi wake. Kanisa lilisimama kwa shangwe, maana hapa kila nyumba ina salopeti nyuma ya mlango. Mimi nilitafsiri kwa ufundi wote. Nilifunga vifungo vya hewa kifuani, nikavaa kofia isiyokuwepo. Ibada ilikuwa inatangazwa kwenye redio ya mtaa, na redio ya baba hukaa kitandani, kando ya mto wake.

Niliporudi nyumbani alikuwa ameizima.

"Ni weye ulisema ile maneno ya salopeti?"

"Ni muhubiri, tata. Mi nilitafsiri tu," nikamjibu baba.

"Mudomo ilikuwa ya nani?"

Kisha akasema polepole, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja: "Ku kazi, bakubwa balikuwa banakuya siku ya vizite, kutembelea sisi. Banabapatia salopeti mupya, kaske mupya ku kichwa. Banashuka na sisi, banapiga foto. Saa kumi banavula, banarudisha ku magazini, ku stoo. Sisi tunabaki." Akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua, akauachia uanguke kitandani. "Kama Yesu alivaa mubiri vile, basi alivula. Mi hii siwezi kuvula. Nitamuambia nini? Hajui."

Baba alikuwa mtu wa kusali hata kabla ya kunywa maji. Jioni ile mama aliweka bukari na sombe, majani ya muhogo, tukainamisha vichwa kumsubiri, kama siku zote. Alifungua mdomo akaomba apewe kijiko. Kesho yake vilevile, bila sala, na keshokutwa. Mama alinifuata uani ninapoegesha pikipiki.

"Ile neno, weye njo ulimupatia," akaniambia. "Sasa umuondolee."

Hapo ndipo nilipoanza kukimbia. Nilifunga kibanda saa za kazi, nikawasha pikipiki, nikapita katikati ya malori ya madini na vumbi lake jekundu kutafuta mtu wa kunipa jibu la kumpelekea baba. Ningeweza kukaa naye tu, nikamsikiliza. Nilidhani nina kazi kubwa kuliko hiyo.

Nilianza na padri wa mama. Alinipokea vizuri, akanieleza kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja, hali mbili, hazichanganyiki wala hazitengani, na kwamba watu waligombana karne nyingi kabla ya kuipata sentensi hiyo. Niliandika yote kwenye karatasi. Akaniambia nimtazame mama siku ya Noeli wakati wa kukiri imani: wakifika pale pa Mungu kupata mwili kwa Bikira Maria, kanisa zima hupiga magoti. Nilimsomea baba karatasi yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni Kifaransa muzuri," akasema, ingawa nilisoma kwa Kiswahili.

Mama, aliyekuwa akikunja mashuka, alisema yeye hajui hali mbili wala tatu, anajua tu kwamba Maria alimbeba miezi tisa na miguu ikamvimba. Baba alimtazama kidogo. Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nikamleta mchungaji wake wa Kimethodisti, mzee mwenye sauti ndogo. Yeye alisema habari ya kujimimina: Mwana aliacha enzi, akaacha utukufu, akajifanya mtumwa, hakubakiza kitu ila upendo. Alisema vizuri kiasi kwamba mimi, mkalimani, nilisahau kutembeatembea.

"Kuacha, sawa," baba akamwambia. "Alichukua nini?"

Mchungaji aliomba, akaaga. Nilimpakia kumrudisha, na njiani tulizungumza juu ya mvua.

Jibu la tatu lilikuja kibandani lenyewe. Nina mteja Mworthodoksi, zamani dereva wa lori, sasa msomaji kanisani kwao. Madhehebu yao yapo hapa tangu wakati wa Wagiriki wenye maduka. Alileta picha yao ya Noeli nimtolee nakala. Mashine yangu ni ya weusi na weupe. Ilipotoka, katikati palikuwa na pango jeusi tii, na ndani yake mtoto amefungwa vitambaa kuanzia shingo hadi miguu, amelazwa ndani ya kitu kama sanduku. Nikaomba msamaha kwamba wino umezidi.

"Hapana," akasema. "Iko vile vile. Mu shimo."

Nikamwambia habari ya baba, yote, hata ya salopeti. Hakucheka. Akasema kwao wanafundisha kwamba kipande chochote cha mtu ambacho Mungu hakukichukua, kipande kile kimebaki bila kuponywa. Kwa hiyo alichukua vyote.

"Vyote?" nikamuuliza. "Hata..."

Mteja akaweka kidole juu ya vile vitambaa vya mtoto.

"Banamufunga hii juu ya sababu gani, ndugu? Mutoto anajichafua."

Nilijitolea nakala yangu, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Nilitaka kwenda nyumbani mara moja. Badala yake nilizunguka mpaka sokoni, nikanunua chumvi ambayo tayari tulikuwa nayo nyumbani. Siku mbili nilikaa na karatasi ile mfukoni. Ningemwambiaje baba? Tusingeweza kuzungumza jambo hilo bila kutaja yale yaliyokuwa yakifanyika nyuma ya pazia kila asubuhi, na hayo hatukuwahi kuyataja.

Asubuhi ya Noeli mvua ilikuwa imeacha kunyesha. Nilikuwa nimevaa suti, viatu vinang'aa. Ibada yetu ilikuwa saa tatu, na mhubiri alikuwa mgeni mkubwa asiyejua neno moja la Kiswahili. Nilishaweka ndoo mlangoni. Nikasikia mama ametoa sauti fupi. Alikuwa ameinama kumgeuza baba, mgongo ukakataa. Nilimpata ameshika ukingo wa kitanda, hawezi kwenda chini wala juu. Nilimsaidia akafika chumba cha pili, akalala juu ya mkeka kwa ubavu, jasho likimtoka.

"Amejichafua," akaniambia. "Njo weye utamuosha."

Kutoka ng'ambo ya pazia baba alisikia. "Hapana," akasema. "Yee, mutoto wangu, hapana."

Nikatoka uani. Nikarudi. Nikatoka tena, nikaitazama pikipiki. Simu ikaanza kulia mfukoni: ni mzee wa kanisa, bila shaka, ananiuliza niko wapi. Saa mbili na nusu. Ningeweza kumwita jirani. Ningeweza kusema nitarudi baada ya ibada. Nilirudi ndani nikasimama mbele ya pazia, na baba alizijua hatua zangu.

"Enda ku kazi yako," akasema. "Enda ubaambie alivaa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikavua koti, nikavua shati la Noeli, nikaingia na ndoo.

Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Harufu ilinipiga, nikakaribia kutapika, na najua alinisikia. Nilimfunua. Sikuwa nimeuona mwili wa baba tangu nilipokuwa mdogo wa kubebwa. Mapaja yalikuwa yamekwisha. Kwenye nyonga palikuwa na kidonda ambacho mama hakuniambia. Juu ya goti, kovu la jiwe la shaba lililomwangukia mgodini lilikuwa bado na rangi ya kijani kidogo, kama alivyoniambia nilipokuwa mdogo, nami nikadhani ananitania. Nilichovya kitambaa, nikakamua, nikaanza. Nilikuwa nafanya haraka, kwa fujo, maji yanamwagika. Akasema, bila kunitazama: "Polepole. Hakuna muntu anakufukuza."

Nikapunguza. Ngozi yake ilikuwa na joto. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza, lakini lilinishangaza. Nilianza kumwambia habari ya ile picha, ya pango na vile vitambaa, na kwa nini mtoto anafungwa. Nilisema nikiwa naosha mahali penyewe, kwa hiyo hapakuwa na la kuficha. Simu ililia ndani ya koti, ikanyamaza, ikalia.

Baadaye akasema: "Ile siku balikucheka mu kanisa. Ulisema nini?"

"Unajua, tata."

"Sema."

"Nilisema Neno ilifanywa nyama."

Nilisuuza kitambaa, maji ya ndoo yakabadilika rangi.

"Rudia."

"Neno ilifanywa nyama."

Akaigeuza shingo yake kwa shida, akanitazama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kifua wazi, sabuni mpaka kwenye viwiko, suruali ya suti imelowa.

"Sasa balikuwa banacheka nini?" akauliza.

Machozi yalinitoka, na safari hii sikuyatafuta.

"Bon, sawa," akasema. "Geuza mi. Mugongo bado."

Nikapitisha mikono chini yake, nikamvuta kifuani kwangu kama nilivyomwona mama akifanya, kivuli chake tu kwenye pazia, nikamlaza kwa ubavu mwingine. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilipoanza kumwosha mgongo, nilisikia anasema kitu kwenye ukuta, maneno yanateleza upande wa mdomo uliopinda. Nilidhani ameumia, nikainama kusikiliza.

"Baba yetu," alikuwa anasema, "uliye mbinguni."

Alikwenda na sala hiyo polepole mpaka mwisho. Katika chumba cha pili, juu ya mkeka, mama akaitikia amina. Simu ililia tena ndani ya koti, nami nilikuwa bado sijafika kiunoni.