Twiga wa Chuma Kule Tarbaj

Mume wangu alikuwa fundi wa winchi. Siku hizi nikisema hivyo wajukuu hudhani alifanya kazi bandarini, kwa kuwa wanajua alitoka Pwani. Winchi yake haikupakua meli hata siku moja. Ilifungwa nyuma ya lori, pamoja na mlingoti wa chuma uliolala juu ya kichwa cha gari wakati wa safari, ukasimamishwa lori likifika kisimani. Kazi yake ilikuwa kuvuta mabomba kutoka kwenye vile visima virefu vilivyotobolewa kwa mashine, kipande kwa kipande, mpaka pampu iliyo chini kabisa itoke, itengenezwe na kurudishwa.

Lori lenyewe lililetwa kwetu na watu waliokuja kutafuta mafuta. Walichimba, hawakuona kitu cha kuwafurahisha, na vita vilipoanza wakaondoka, wakaliacha. Idara ya maji ikalichukua. Mume wangu, ambaye alijifunza kazi kwa hao watu wa mafuta, akachukuliwa pamoja nalo.

"Kama ndama na mama yake," alikuwa akisema, na kulipiga lile lori kofi la mapenzi ubavuni.

Watu wetu waliliita Geri, maana yake twiga, kwa sababu ya ule mlingoti. Kila lilipopita mtaani Garissa wanawake walilionyesha watoto wanaolia ili wanyamaze. Mimi nililijua kabla ya kumjua mwenyewe. Niliishi kwa mjomba wangu karibu na soko, nikiuza maziwa, na Kiswahili changu chote nilikiokota hapo sokoni kwa wateja. Yeye alikuja kununua maziwa, akaonja, akakunja uso, akanunua. Kesho yake akarudi, akakunja uso vilevile. Nilimuuliza, "Kama hupendi maziwa ya ngamia, unanunua ya nini?" Akasema, "Sijasema nakuja kwa ajili ya maziwa."

Mjomba alimchunguza. Aliona ni Mwislamu anayeswali, hatafuni miraa, ana kazi. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyeniozesha. Habari zilimfikia mama yangu kule Tarbaj baada ya muda mrefu, maana wakati ule wa vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, barabara ilikuwa ya jeshi, na hakuna aliyesafiri ila kwa kibali na msafara. Jibu lake lililetwa na dereva mmoja wa lori la chakula. Alinikariria neno kwa neno, kwa aibu: "Mwambie binti yangu nimesikia ameolewa na mtu wa vyuma asiyejua hata kumkamua mbuzi. Mimi sina mkwe huko."

Nilikaa na maneno hayo kifuani mpaka nikazaa. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa mama yangu mtupu: paji la uso lilelile, hasira zilezile. Nilipomwogesha nililia. Mume wangu akinikuta katika hali hiyo aliondoka taratibu, akaenda kufuta grisi kwenye kitu ambacho hakikuwa na grisi.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, ikaja taarifa kwamba pampu ya Tarbaj imekufa. Huko serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji mahali pamoja, ndani ya uzio wa seng'enge, ili wasiwape shifta chakula. Watu wale wote, pamoja na mifugo iliyosalia, walitegemea kisima kimoja. Geri akaamriwa aende mara moja na msafara.

"Funga nguo za mtoto," mume wangu aliniambia.

"Askari hawatanikubali."

"We funga tu."

Asubuhi, kwenye kizuizi, sajenti aliyesimamia msafara alituangalia mimi na mtoto kama mizigo iliyopakiwa kimakosa. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya kuchoka. "Huyu mama ni nani?"

"Mkalimani wangu," mume wangu akasema bila kupepesa. "Mimi sijui Kisomali. Kisimani nikisema shika, wao wakaelewa achia, nitaua mtu."

"Na huyu mdogo?"

"Msaidizi wa mkalimani."

Sajenti hakucheka, ila alisogea pembeni, na sisi tukapita. Mpaka leo sijui kama alitudharau au alituhurumia.

Safari ilikuwa ya vumbi na ya kusimama kila mara, askari wakitangulia kukagua barabara kwa miguu. Mume wangu aliendesha lori, mimi nikakaa kando yake, mtoto mapajani, mlingoti ukilia juu ya vichwa vyetu kila tulipoangukia shimo. Mume wangu hakuniuliza chochote kuhusu mama. Tulipopita Wajir ndipo aliposema, macho mbele: "Anapenda nini, mama yako?"

"Ngamia," nikasema.

Akafikiri kilomita kadhaa. "Kingine?"

"Kushinda."

Tulimkuta mama penye kisima. Alikuwa amekonda mno. Nilishuka, nikamwekea mtoto mikononi kabla ya salamu, kwa kuwa niliogopa nikianza na maneno nitayakosea. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akavuta shela yake, akamfunika jua, wala hakumrudisha kwangu kwa saa nyingi. Mume wangu alisimama mbali, kama adabu ya kwao inavyotaka mtu asimkaribie mama mkwe, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Mama alimpita kwa macho, akatazama lori.

"Ndiye huyu twiga?"

"Ndiye, Hooyo," nikamjibu, yaani mama.

"Anakunywa nini?"

"Dizeli."

"Basi ana nafuu kuliko sisi," akasema.

Mbuzi walikuwa wamelala chini wasiinuke. Watu waligawiwa maji kidogo yaliyoletwa na tangi la jeshi kutoka Wajir, na mifugo haikuwa na fungu lake. Mume wangu hakupumzika hata kunywa chai. Alisimamisha mlingoti, akapitisha kamba ya waya juu kwenye kapi, akalikamata bomba la kwanza, akaanza kuvuta. Niliutazama mkono wake kwenye wenzo wa winchi. Nyumbani alikuwa mtu wa kuvunja vikombe. Pale alivuta chuma kizito kama anayemtoa mtoto usingizini. Bomba likipanda urefu wake, alilifunga kibano mdomoni mwa kisima ili yaliyo chini yasitumbukie, yeye na vijana wa pale wakalifungua la juu kwa spana, wakalilaza mchangani, wakaanza tena.

Mabomba yalikuwa yametoka karibu nusu pale iliponuka. Harufu ya kuungua, kisha moshi mweusi. Alizima injini akaingia chini ya gari. Alipotoka niliuona uso wake kabla hajasema.

"Klachi ya winchi imekwisha."

"Spea?"

"Garissa hakuna. Nairobi labda."

Sajenti alikuja, akasikia, akasema msafara unarudi kesho, na lori nalo litarudi, liwe bovu au zima. Niliyatafsiri hayo kwa watu waliotuzunguka. Mama alinisogelea, mtoto begani.

"Hicho kiungo kilichokufa kilikuwa kinafanya nini?"

Nikamuuliza mume wangu, naye akanieleza, nami nikamweleza mama: kinavuta waya.

"Kuvuta tu?"

"Kuvuta tu, Hooyo."

"Mwambie mtu wako nina ngamia wa mizigo. Amebaki mmoja." Akamgeukia sajenti, ingawa alijua hamwelewi, akasema kwa sauti: "Mwambie na huyu. Mmoja ndiye mliyeniachia mlipowachukua wenzake."

Nilimtafsiria mume wangu nusu ya kwanza. Sajenti akaniuliza, "Amesema nini kwangu?" Nikamwambia kama alivyosema. Alitazama chini. Baadaye kidogo akasema kwamba kwao pia ni wafugaji, na akaenda kuwaambia askari wake wavue mabuti wasaidie.

Mume wangu alichomoa waya kwenye winchi, akaupitisha juu kwenye kapi, akaushusha kwenye kapi jingine alilolifunga chini ya lori, ili anayevuta avute kwa kutembea sawasawa ardhini. Mbele akafungwa ngamia wa mama. Nyuma yake, kwenye kamba ndefu, wakashika wanaume, wanawake na askari. Mama alinikabidhi mtoto, akashika hatamu mwenyewe. Mimi nilisimama kati ya kisima na kamba, mtoto mgongoni, nikawa mdomo wa mume wangu. Akisema "vuta", nilisema vuta kwa Kisomali. Akisema "bole bole", yaani polepole, maana alishachukua matamshi yetu sokoni na akadhani ndicho Kisomali, watu walimwelewa bila mimi, wakacheka, na kicheko kile kikawapa nguvu.

Wanawake walianza wimbo wa kunyweshea ngamia, ule wa kuvutia ndoo visimani. Kamba ikashika mwendo wa wimbo. Askari hawakujua maneno lakini walipajua mahali pa kukanyaga. Jua lilipopinda, pampu ilitoka, imekula mchanga, mpira wake umechanika vipande. Mume wangu aliukumbatia mtungi wa pampu kama ndugu aliyetoka safari, akakaa chini, akaanza kuufungua. Mipira mipya alikuwa nayo.

Kurudisha kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu hapo watu walirudi nyuma huku wakizuia uzito. Tulikuwa tumefika mbali, mabomba mengi yameshaingia, ndipo gari dogo la jeshi lililokuwa likiwashwa nyuma yetu lilipotoa mlio kwenye ekzosi, paa!

Watu wote walijitupa chini. Hata mimi nililala kifudifudi bila kufikiri, mtoto akilia mgongoni. Kila mtu wa Tarbaj alijua nini hufuata mlio kama ule. Kamba ikaachwa. Nilipoinua kichwa niliwaona watatu tu waliosimama: ngamia aliyekuwa akivutwa kinyumenyume macho yamemtoka, mama aliyekuwa akining'inia kwenye hatamu akimsemesha kwa sauti ya chini, na mume wangu aliyekuwa ameinama juu ya kibano. Waya ulikuwa ukikimbia. Ngamia alipiga magoti ya mbele mchangani, akazuia, kidogo tu. Muda huo mume wangu akakifunga kibano. Mabomba yakasimama. Yeye akakaa chini polepole, akiutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Vidole viwili vilikuwa vimesagika ncha.

Nilimkimbilia, lakini mama alifika kwanza. Sijawahi kuona kwetu mama mkwe akimshika mkwe wake, wala kwao. Yeye alipiga magoti, akachana upindo wa shela yake, akauchukua ule mkono wenye grisi na damu akaufunga, kwa nguvu, kama anavyofungwa mnyama mguu.

"Muulize kama inauma."

Nikamuuliza. Alikuwa amepauka kama jivu. "Mwambie hapana."

"Anasema haiumi, Hooyo."

"Mwambie ni mwongo."

Nikamwambia. Akacheka huku machozi yanamtoka, na mama akacheka pia. Kisha mama akasema, "Wiilkayga." Mume wangu akaniuliza, "Amesema nini?" "Amesema, mwanangu."

Sajenti alikuja na sanduku la dawa, akamgombeza yule dereva wa gari dogo kwa lugha ya kwao. Halafu akashika kamba mwenyewe mbele ya wote, akaninyooshea kidole: "Mkalimani, waambie tuendelee."

Mabomba ya mwisho mume wangu aliyaongoza kwa mkono mmoja. Injini ya pampu ilipowashwa ilikohoa, ikatema matope, ikatema kutu, ikanyamaza kiasi cha watu kuanza kuomba dua, ndipo maji yakaja. Yalikuwa ya moto na ya chumvi kidogo, kama maji ya Tarbaj yalivyo. Mama hakuyagusa. Alimleta ngamia wake akanywa kwanza, akasimama kumtazama koo likipanda na kushuka, na mume wangu akasimama upande wa pili wa birika, naye akimtazama. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Walisimama hivyo mpaka giza likaanza kuingia.

Kesho yake tuliondoka na msafara, Geri akibeba mlingoti wake na klachi yake mbovu. Mama hakupewa kibali cha kutufuata, na sikumwona tena mpaka vita vilipokwisha, alipokuja Garissa kwa lori la mbuzi na kukaa nasi miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Mume wangu alimjengea chumba chenye mlango wa kutazama mashariki. Vidole vile havikurudi sawa, lakini aliendelea na winchi, na Geri akapata klachi mpya, wakafika wote wawili mpaka Rhamu na Kutulo.

Lakini asubuhi ile ya kuondoka, mama alimletea kibuyu cha maziwa ya ngamia, yamefukizwa moshi mpaka harufu inafika kabla ya mtu. Nilijua asivyoyapenda. Nikanyoosha mkono niyapokee mimi. Mume wangu alinizuia, akakipokea kwa mikono miwili, na mbele ya mama akanywa mpaka mwisho, uso wake haukukunjika hata kidogo.

Tumbo lilimgeuka kabla ya Wajir. Alisimamisha lori mara nyingi sana hata askari wakaanza kupiga mluzi. Sajenti alikuja dirishani kuuliza kuna nini, nami nikamwambia ni maziwa ya mama mkwe. Akatazama kichaka alikokuwa amejificha mume wangu, akaamuru msafara mzima usubiri.