Skrini Nene ya Jirani

Jirani yangu wa ofisi, yule maman anayechapia watu barua kama mimi hapa mtaani Kadutu, amenunua kompyuta mpya, nyeusi, isiyotoa hata sauti. Lakini skrini ni ile ile ya zamani, yenye kisogo kinene kama televisheni za wazazi wetu. Siku ya kwanza nilimwona ameshika waya wa skrini, hauingii popote kwenye kompyuta, nikarudi kwangu kunywa chai kwa raha. Chai haijapoa, akawa amepata kifaa kidogo cha kuziunganisha. Sasa kila asubuhi anaondoa kitambaa cha kufuma alichoifunikia skrini, anaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, anaiambia, "Amka, muzee." Na muzee anaamka, ana rangi ya kijani kama mgonjwa, lakini anaamka.

Mimi nina skrini bapa, mpya kabisa, na watu wananipita wakienda kwake. Nimemchungulia nijue kwa nini. Akimaliza kuchapa, anaikumbatia ile skrini kwa mikono miwili, anaguna, anaisukuma mpaka imtazame mteja. "Soma, papa. Ni maneno yako." Mteja anafuata mistari kwa kidole, anacheka peke yake. Roho inaniuma. Jana maman mmoja wa mtaa wa Bagira aliingia kwangu, akanieleza yake kwa Kiswahili, nikamchapia barua, nami nikamgeuzia skrini yangu, kwa kidole kimoja tu. Akasoma Kifaransa changu chote mpaka mwisho. "Iko muzuri sana, papa," akasema kwa upole. "Sasa maneno yangu mimi iko wapi?"